Sindano, Maneno na Rundo la Pamba

Zagayu, Itilima
21 Aprili 2024

Kwako Rahel, mke mwenzangu,

Mwangaluka. Huku ni mhola, wazima sote, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo lina kiburi, na jogoo mweupe aliyekufa bila hata kuugua. Babu yako Masunga yupo, anakohoa na anakula. Anauliza mke wake mdogo atarudi lini. Nimemwambia mke mdogo amepata bibi mwingine huko Dodoma, atafute mwingine na yeye.

Choroko tumevuna. Pamba ya upande wa chini imeanza kupasuka. Ng'ombe yule mwenye pembe moja amezaa dume.

Barua yako ilikuja na basi, konda akaiacha dukani kwa Josia, ikakaa siku nne kwa sababu Josia alidhani ni ya kigango. Anayeniandikia hii ni Generoza, nesi mstaafu wa zahanati yetu, unamjua, Mhaya aliyekuja kwa kazi akasahau kurudi kwao. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha aandike ninavyosema mimi, si anavyotaka yeye. Simu siitaki kwa mambo haya. Kwa sikio langu hili mpaka uweke sauti ya kupaza, na ukiipaza wanasikia mpaka wanaochota maji.

Sasa tuongee.

Barua ya kurasa tatu. Nilimwambia Generoza aisome tena, safari hii ahesabu. Mwatima yumo mara kumi na moja. Bibi yumo mara mbili, na moja ni ile ya shikamoo. Mwatima anasema. Mwatima amenifundisha. Mwatima ameniletea vitumbua. Ni nani huyu? Alikubeba mgongoni kutoka Lagangabilili mpaka hapa ukiwa na surua? Mimi nilikubeba, na uliniharishia njia nzima. Generoza anasema hilo haliandikwi. Nimemwambia andika.

Umesema zipo njia tatu za kazi hiyo ya wagonjwa wa akili, na lazima uchague kabla mwezi wa saba haujaisha. Generoza amenieleza mpaka nikaelewa, nikazipa majina yangu. Kuna ya sindano, unakuwa nesi wa wagonjwa hao, unawapa dawa na kuwalinda. Kuna ya maneno, unasomea chuo kikuu miaka mitatu, unakaa na mtu mnaongea, ndiyo ya huyo Mwatima wako. Na kuna ya makaratasi, ustawi wa jamii, unazunguka nyumba za watu ukiuliza nani anampiga nani. Hii ya tatu najua huitaki, kwa hiyo niiache.

Chagua sindano.

Nimekutumia michembe, imejaa ule mfuko wa unga wa kilo tano. Viazi ni vya shamba letu, nimevikata na kuvianika mwenyewe, hakuna aliyeshika kisu zaidi yangu. Ni ya kwako. Usimwonjeshe mtu.

Ni mimi bibi yako Kwandu. Kidole changu ni hiki hapa chini, wino umemwagika kidogo.


Dodoma
14 Mei 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Shikamoo tena, ili zifike mbili kabla sijaanza. Pokea salamu na babu pia, mwambie mke mdogo yupo na hajaolewa. Poleni na jogoo. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, usiliache mpaka livimbe.

Mimi ni mzima. Bado najitolea hapa hospitalini, wodi ya wanawake. Chumba ni kilekile, napanga na binti mmoja wa Kondoa. Mvua zimeisha, vumbi la Dodoma limeanza kazi.

Bibi, nimecheka mpaka nikalia, halafu nikaona haya. Sikujua nimeandika hivyo. Mwatima ni msimamizi wangu. Ni mwanasaikolojia, mtu wa Tanga, umri wake ni kama wa mama angekuwepo. Hana mtoto. Anataka nichukue njia ya maneno, kama ulivyoiita, na amesema ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni. Anasema nina sikio.

Nikueleze anavyofanya kazi, labda utamwelewa. Mgonjwa akija amefunga mdomo, Mwatima hamuulizi kitu. Anamwaga maharage kwenye ungo, anampa upande wake, na yeye anachukua upande wake. Wanachambua, mawe huku, maharage kule. Hawaangaliani. Baada ya siku, wakati mwingine wiki, yule mtu anaanza kusema mwenyewe, macho yakiwa kwenye ungo. Mara ya kwanza nilipoona nilisisimka mwili mzima. Nilisema moyoni, hii ndiyo kazi yangu. Sijui hata kwa nini.

Kuhusu sindano, nimekusikia. Lakini usidhani nitapangiwa Bariadi, karibu na wewe, kwa sababu nimesomea uuguzi. Wanaweza kunipeleka Katavi.

Michembe imefika. Naomba usikasirike. Mwatima alinikuta naipika na karanga, nikampa bakuli. Alimaliza akaomba nyingine, akauliza inavyoanikwa.

Kuna jambo moja, Bibi. Chuoni wameniambia niandike ukurasa mmoja, kwa nini nataka kazi hii ya akili. Nimekaa na karatasi siku tatu. Kila nikianza, namfikia mama halafu sina cha kuandika. Najua alipelekwa na maji akivuka kwenda shambani, nilikuwa na miaka sita. Najua mdogo wangu alizaliwa akafa wiki hiyohiyo, kabla yake. Zaidi ya hapo sijui. Alikuwaje siku zile? Niambie wewe, maana hakuna mwingine wa kuniambia.

Mjukuu wako,
Rahel


Zagayu
2 Juni 2024

Rahel,

Tumeamka. Babu hajambo. Goti limesikia maji ya moto, limepunguza kiburi. Ndama tumempa jina, anaitwa Dodoma, kwa sababu hasikii akiitwa.

Bakuli la pili. Haya.

Nina neno kuhusu maharage. Generoza alipofika hapo kwenye barua nilimsimamisha, nikamwambia rudia. Akarudia. Nikainuka nikaenda kuwatupia kuku mtama na kuku walikuwa wameshakula.

Hiyo ni ya kwangu.

Wewe mtoto umesahau, au umesahaulishwa na vitumbua? Mwaka ule mama yako alipoondoka, ulinyamaza. Hukulia, hukuomba uji, hukuita mtu. Wiki tatu. Watu wakasema ameingiwa na kitu, apelekwe kwa mganga. Nikasema mwacheni. Ulikuwa wakati wa pamba kama sasa. Nikamwaga rundo uani, nikakuwekea kigoda kile kifupi alichokichonga babu yako, nikakaa upande wa pili. Nikakuonyesha mara moja tu. Nyeupe safi huku, yenye majani na doa huku, hiyo ni fifi. Halafu sikukusemesha. Tulichambua asubuhi, tukala, tukachambua jioni. Mgongo ulinikatika, nikakaa. Siku ya ishirini na mbili ukashika donge moja, ukaliinua, ukasema, "Bibi, hii ni fifi." Nikasema ndiyo. Nikaingia ndani nikalia kwenye kanga ili usinisikie.

Kwa hiyo mwambie mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kizuri, kwamba kilichokusisimua mwili si maharage yake. Ulikuwa unaikumbuka nyumba yako.

Na asidhani niliyemponya ni wewe tu. Nina mwingine. Joyness, mke wa Ndalahwa wa upande wa lambo, amejifungua mwezi wa nne, mtoto wa kike, Sayi. Ndalahwa amekwenda na ng'ombe Meatu kutafuta malisho. Yule binti tangu ajifungue hana furaha. Mama mkwe wake kaniletea, anajua kazi yangu. Sasa anashinda hapa. Nimempa kigoda chako. Anachambua vizuri kuliko wewe, nakwambia kweli, hata jani moja haliachi, haongei, hainui kichwa, hachoki. Mtoto nambeba mimi. Hata usiku hahitaji usingizi, mkwewe anasema anakaa tu. Ni mchapakazi. Wewe ulikuwa unasinzia kwenye rundo.

Kwa yale mengine uliyoniuliza, pamba ni nyingi mwaka huu. Nitakuwa na shughuli.

Chagua sindano.

Kwandu


Dodoma
15 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo, na salamu kwa babu na kwa Dodoma asiyesikia.

Barua yako imefika leo mchana na najibu leo, sijavua hata sare.

Kwanza, ni kweli. Nilisahau. Nimesoma pale "hii ni fifi" na mikono yangu ikakumbuka kabla yangu, ule ukavu wa vidole, na mbegu ukiibana inavyoteleza. Nimemwambia Mwatima. Alisema yeye alifundishwa na mwalimu wake, na kwamba angependa kukaa na wewe siku moja. Nikamwambia hilo tulisogeze mbele.

Pili, nitasema ukweli kama wewe unavyosema. Kigoda changu kimeniuma. Nina miaka ishirini na minne na nimekasirika kwamba mtu amekalia kigoda. Ungempa kile kirefu. Ungempa ndoo.

Tatu, na hapa nimeacha utani. Mama Generoza, msomee Bibi hii polepole. Mtu aliyejifungua miezi miwili iliyopita, halali, haongei, hamwangalii mtoto wake, anafanya kazi bila kuinua kichwa na hachoki. Umeniandikia kama sifa. Mimi nimesoma nikaogopa. Mimi niliyenyamaza nilikuwa na huzuni, na huzuni ilikuwa inalala na kula. Huyu halali. Wodini kwetu wapo wa hivi, na wanapona, lakini wanapona kwa dawa kwanza, maneno baadaye. Mpeleke hospitali Bariadi. Si wiki ijayo.

Na la nne ni swali. Wewe uliyewafukuza manesi wa chanjo kwa fimbo, hadithi ambayo babu anaisimulia kila Krismasi, leo unanisukuma niende kwenye sindano. Nilidhani ni ili nirudi karibu na wewe. Sasa sijui. Kwa nini, Bibi?

Na la mama bado hujanijibu.

Rahel


Zagayu
26 Juni 2024

Rahel,

Hatujambo. Joyness hajambo. Pamba safi imejaa kwenye chumba chako mpaka dirishani. Hospitali ni mbali na barabara ni mbaya. Namwangalia mimi mwenyewe, na mimi si mtu wa jana.

Usiniulize mambo ya zamani wakati nina kazi.

Kwandu

Nyongeza: Rahel, hapa ni Generoza mwenyewe, na haya sijamsomea bibi yako. Joyness hajalala siku ya tano. Jana alimwacha mtoto kando ya lambo akarudi akikunja mikono kama vile bado amembeba. Nimesema nikajibiwa kwamba wivu unanisumbua. Mimi siwezi kulisema la mama yako, si langu. Lakini mwulize kilichoko kwenye ghala, ndani ya kibuyu cha mbegu. Piga simu, usingoje basi.


Dodoma
28 Juni 2024

Bibi,

Nimepiga mara tatu. Mara zote umesema mtandao unasumbua, na mimi nakusikia vizuri kabisa, nasikia hata babu akikuuliza ni nani.

Ninaituma hii kwa mkono wa dereva, nimemwomba aishushe kwenu, si dukani. Nimeongea na mkwe wa Joyness kwa simu ya Josia. Anasema hawezi kumpeleka hospitali bila wewe kukubali, kwa sababu alikukabidhi.

Bibi, nina swali moja tu, sitaongeza lingine. Kuna nini kwenye kibuyu cha mbegu?

Rahel


Zagayu
11 Julai 2024

Kwako Rahel, ng'wana wane, mwanangu,

Nakusalimu wewe na wote walio karibu nawe, hata huyo. Sisi wazima. Babu yako amepunguza kikohozi. Watu wa hapa wote wazima, na Joyness yuko hospitali Bariadi, analala. Nianze hapo ili usisome ukiwa umeshika roho.

Barua yako ya dereva iliposomwa, nilikaa. Generoza alikunja karatasi. Babu yako akasema, "Kwandu, mara ya pili?" Hayo tu. Kesho yake alfajiri tuliondoka na gari la magunia, mimi, Joyness, mkwewe, Generoza na mtoto. Joyness alikuwa anachambua hewa kwa vidole njia nzima. Hospitali alitupokea nesi wa kiume, kijana, mpole, akamwuliza maneno machache, wakampa dawa. Alilala siku nzima na usiku. Siku ya nne aliamka akauliza, "Sayi amenyonya?" Nilikuwa nimekaa pale chini kwenye mkeka. Nilikaa siku saba, goti na kila kitu.

Sasa la kibuyu. Generoza, andika hivihivi.

Mama yako Veronica alipofiwa na yule mdogo wako, aliacha kulala. Alikuwa anaongea peke yake, anacheka, ananyamaza. Mimi nilikaa naye usiku, nikamwuliza, hakunijibu. Mimi niliyemzaa. Lakini asubuhi alikuwa anakwenda zahanati kwa Generoza. Nilimfuata siku moja, nikachungulia dirishani. Alikuwa amemlalia Generoza mapajani, anasema, anasema, maneno yanatoka kama maji. Rahel, nilisikia wivu mpaka mate yakawa machungu. Nilisema, huyu Mhaya amemchukua mwanangu, na hata mtoto hajazaa.

Generoza ameacha kuandika kidogo. Nimemngoja. Haya, ameendelea.

Kesho yake akaja na karatasi. Akasema ni ya rufaa, Veronica apelekwe hospitali kubwa Mwanza, haraka. Alianza kunisomea nikamkatiza. Mimi sikusoma, lakini nilijua karatasi ni nini. Karatasi inachukua watu. Nilimnyang'anya nikamwambia asikanyage tena uani kwangu. Nikaitia kwenye kibuyu cha mbegu, na nikamwaga rundo la pamba. Nilisema nitamponya mimi, na pamba yangu, watu waone.

Alichambua siku sita. Safi huku, fifi huku, hata jani moja hakuacha. Hakuinua kichwa. Mimi nikaona ushindi. Siku ya sita jioni nilimtuma mtu amwite Generoza. Si kwa msaada. Nilitaka aje aone rundo langu lilivyo jeupe. Alikuja akasimama pale kwenye kibanda cha kuku, akamwangalia Veronica, akaniambia, "Mama, huyu haponi, huyu anaaga." Nikamfukuza kwa fimbo. Ile hadithi ya fimbo anayosimulia babu yako ndiyo hiyo. Haikuwa chanjo. Tuliibadilisha tukaitia kicheko ili tuweze kuishi nayo.

Asubuhi mama yako alitoka. Mto ulikuwa umejaa, mvua iliyochelewa. Tulikwambia alikuwa anavuka kwenda shambani. Rahel, ng'ambo ile hatujawahi kuwa na shamba.

Miaka kumi na minane sijaitoa karatasi. Juzi niliporudi Bariadi nimeitoa, panya wamekula pembe. Nikampa Generoza nikamwambia nisomee ulichoniandikia. Akasema, "Unakijua." Nikasema sikijui, nilikuwa nakichukia tu. Akasoma. Imeandikwa mgonjwa anahitaji daktari wa akili haraka. Halafu mstari wa chini imeandikwa, asindikizwe na mama yake mzazi, akae naye wodini, kwa sababu ndiye anayemtuliza.

Ilikuwa inanitaja mimi. Nilidhani inaniondoa, kumbe ilikuwa inaniita.

Ndiyo maana nilisema sindano. Lakini sasa nanyamaza. Usichague kwa ajili ya Veronica, wala kwa ajili ya aibu yangu. Chagua unachokitaka.

Generoza miaka yote hii hakunisema kijijini, hata siku moja. Alinipa chumvi nilipoishiwa. Leo amelowesha karatasi, utaona wino ulivyotapakaa, safari hii si kidole changu.

Bibi yako,
Kwandu


Dodoma
18 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Salamu kwa babu, kwa Mama Generoza, na kwa Joyness kama amesharudi.

Mfuko wa michembe uliokuja mwezi uliopita bila barua niliupata. Nilijua ni wewe unauliza. Sikuweza kujibu. Nilikuwa na hasira na wewe, Bibi, na bado ninayo, imepungua kiasi tu. Kuna siku niliamka nikitaka kuja Zagayu nikupigie kelele, na siku hiyohiyo jioni nilitaka kuja nilale kwenye mkeka wako. Nauli ni ileile. Sikuja.

Fomu nilijaza tarehe ishirini na tisa Julai. Nimechagua uuguzi wa afya ya akili. Sindano. Hukunisukuma wewe. Ule ukurasa wa kwa nini ndio ulionisukuma. Nilipopata cha kuandika, nilimwandika nesi mmoja wa zahanati aliyeona, akaandika vizuri, na karatasi yake haikutoka hata hatua mia kwa sababu hakuwepo wa kutembea nayo mpaka mama wa mgonjwa aielewe. Nataka kuwa wa kuandika na wa kutembea. Maneno nitayafanya pia, mikononi nina rundo lako, hakuna chuo kitakachoniondolea.

Mwatima amenuna siku mbili. Hakuniletea vitumbua. Siku ya tatu alisema, "Bibi yako kanishinda, na hajaniona hata sura." Nikamwambia hajui kusoma pia. Akasema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Kisha akaniuliza tena, kwa adabu sana, kama anaweza kuja wakati wa pamba mwakani.

Bibi, mama alikuwa anasema nini pale mapajani? Simwulizi Mama Generoza kwa barua. Nitakuja Desemba, anisimulie nikiwa nimekaa kati yenu wawili.

Mjukuu wako,
Rahel


Zagayu
1 Septemba 2024

Rahel, mke mwenzangu,

Hapa mhola. Pamba yote imekwenda, uani pameanza kuonekana. Joyness amerudi, anameza dawa zake jioni mbele yangu na mimi namwangalia kooni mpaka zipite. Analala. Juzi alisinzia kwenye rundo la mwisho, akaacha majani mengi, fifi na safi kachanganya. Nilifurahi sana kuona kazi mbovu.

Kigoda chako nimekirudisha ndani. Nimempa kile kirefu.

Hasira yako nimeipokea. Kaa nayo, usiitupe kwa ajili yangu. Desemba ukija utapiga kelele, babu yako ataondoka kwenda kwenye ng'ombe, mimi nitakaa. Generoza amekubali kusimulia. Alisema nami pia nisikilize, maana mimi nilichungulia tu, sikusikia maneno.

Huyo Mwatima aje. Viti sina. Atakaa chini kama mimi, upande wa Generoza, si upande wako. Nitamwangalia anavyoshika donge nitajua kama kweli kazi anaiweza.

Nimetuma mifuko miwili. Mkubwa ni wako.

Mdogo ni wa Mwatima. Mdogo, nimesema. Usiongeze.

Kwandu, na kidole chake